Baridi ya Newala, bahari ya Mikindani

Mitihani wengine tumemaliza, wengine mnangoja supu, yote heri. Sasa limeanza lile swali la kila mwaka: likizo unaenda wapi? Na majibu ni yaleyale. Mwenye nazo anasema Zenji. Asiye nazo anasema "nyumbani tu", kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Chumba cha jirani yangu wamebandika ukutani picha ya ufukwe wa Cancún, Meksiko, mchanga mweupe na glasi yenye kamwavuli juu. Ndio ndoto yao hiyo, baridi ikizidi Ulaya watu wote wanahamia kule kuota jua.

Mimi nasema hivi: likizo ya namna ileile, ya kukimbia baridi kwenda baharini na kula chakula cha wenyeji, ipo mkoa wa Mtwara. Na wa kuifaidi ni sisi, maana likizo yetu ndefu inaangukia Julai, katikati ya kipupwe.

Msicheke. Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa kule mwezi wa saba hauna adabu. Nilipokuwa fildi nilifundisha kipindi cha kwanza nimevaa sweta na koti juu yake, na nusu ya darasa wamekunja mikono kwapani, hakuna anayetaka kunyoosha kujibu swali. Jioni unakwenda Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla, unatazama bonde lote la Ruvuma hadi Msumbiji. Hakuna kiingilio, hakuna anayekuuzia kinyago kwa dola. Unakaa tu, unatetemeka kidogo, unarudi kula.

Halafu Ijumaa unateremka pwani. Masasi, Newala hadi Mtwara ni kama kilomita 210, na ukikaribia bahari unavua nguo moja moja kama kitunguu. Mikindani ipo kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini. Ni mji mkongwe wa Waswahili, una nyumba za mawe, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Anayetaka mchanga mweupe wa kwenye picha aende Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Wengi tunaijua Msimbati kwa gesi tu. Bomba la kuileta Dar lilikamilika mwaka 2015, kwa hiyo hata umeme unaodesea usiku sehemu yake umetoka kule. Gesi tumeichukua, ufukwe tumeuacha.

Chakula sasa. Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Kwanza kuna ming'oko. Ni viazi vyembamba vya porini, vinachimbwa kiangazi, vinachemshwa na chumvi, unamenya kwa vidole huku unatembea. Bibi mmoja stendi alikuwa ananiwekea fungu kila siku. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, leo umechelewa." Hiyo ndiyo huduma kwa mteja. Kuna mbaazi mbichi za kuchemsha, njugu mawe, ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Kuna samaki nchanga pia, na mtu akikukaribisha uulize kwanza, maana samaki huyo ana mkia na masikio. Ukishuka pwani ni pweza na changu wa asubuhi ileile kwa wali wa nazi. Mabibo hamtayakuta Julai, korosho huiva kuanzia mwezi wa kumi. Na hapa nasema mabibo ya kweli, yale ya kutafuna, siyo hosteli.

Na nini cha ajabu? Mahindi asili yake ni Meksiko hiyohiyo. Muhogo na korosho vilitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakavileta kwetu. Cancún yenyewe serikali yao iliipanga kuanzia mwaka 1970, mahoteli ya kwanza yakafunguliwa 1974. Mikindani ilikuwa mji wa biashara karne nyingi kabla ya hapo. Jirani yangu anaota nauli ya ndege akale mahindi.

Lakini sijaandika haya kwa ajili ya tumbo peke yake. Sisi wa ualimu tunajuana. Ukitaja Newala au Masasi kwenye mazungumzo ya kupangiwa vituo, watu wanashika vichwa. "Umetupwa." Wengine wanatafuta barua ya uhamisho kabla hawajafungua begi, na wengine hawaripoti kabisa. Ukiwauliza umewahi kufika? Hajawahi. Amesikia. Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe pale Rufiji mwaka 2003, ile habari ya kulala barabarani siku tatu kusubiri pantoni imebaki hadithi ya wazee, ila sisi tunaisimulia kama ya jana. Huku nyuma darasa la watoto sabini linangoja mwalimu wa hesabu. Masasi hiyohiyo ya "kutupwa" ina misheni iliyoanzishwa mwaka 1876 na watumwa walioachwa huru, ndiko alikozaliwa Rais Mkapa, pale Lupaso, na ina milima ya mawe ambayo ingekuwa nchi nyingine wangeitoza watu pesa kuitazama.

Sisemi ni peponi. Maji juu ya uwanda ni shida ya tangu zamani: udongo ni kichanga, maji yanazama hadi mabondeni, na tangu miaka ya 1950 watu wanahangaika kuyapandisha kwa pampu. Utajifunza kuoga kwa kopo, na utawaona akina mama wanavyobeba ndoo. Vumbi lipo. Lakini mtu aliyekwenda kwa raha yake, akala, akaogelea, akajua majina ya watu wawili watatu, siku akipangiwa kituo huko hatalia. Afadhali kwenda kwanza kama mgeni kuliko kupelekwa na barua.

Mimi narudi Agosti, wiki mbili, moja juu na moja pwani. Anayetaka tuongozane aseme kabla hela ya fildi haijaisha. Sweta lazima, na kaptula.