Ushahidi Usiozee Masijala

Miongoni mwa Watanzania walioko Marekani wapo walimu, wahandisi, wahasibu na watafiti waliokwenda huko kusoma, wakahitimu, na wakapata waajiri wanaouhitaji ujuzi wao. Mwajiri wa namna hiyo hana budi kumwombea mfanyakazi wake ruhusa ya kazi. Ruhusa inayojulikana zaidi ni ile ya viza ya H-1B, iliyoanzishwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990 kwa ajili ya kazi zinazohitaji shahada katika fani maalumu. Maombi yakishapelekwa, wakati mwingine hairudi ruhusa wala katazo, bali hurudi barua ya kudai ushahidi zaidi. Leo tunapenda kuizungumzia barua hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi unaodaiwa humo haiko Marekani. Iko katika masijala zetu, katika shule zetu na katika vyuo vyetu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba barua hiyo si hukumu. Wapo wanaoipokea wakakata tamaa, na wapo wanaoipokea wakaitupa mezani kana kwamba ni karatasi ya kawaida. Wote wawili wanakosea. Katika mwaka wa fedha wa 2018, idara ya uhamiaji ya Marekani ilidai ushahidi zaidi katika takriban asilimia 38 ya maombi ya H-1B iliyoyakamilisha. Kati ya maombi hayo yaliyodaiwa ushahidi, takriban asilimia 62 yalikubaliwa hatimaye. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya walioulizwa walipata walichokiomba. Walipewa nafasi ya kueleza, nao wakaitumia.

Lakini nafasi hiyo ina masharti magumu. Muda wa kujibu huandikwa katika barua yenyewe, nao kwa mujibu wa kanuni hauzidi wiki 12, yaani siku 84, ukiacha siku chache zinazoongezwa kwa ajili ya posta. Muda huo hauongezwi kwa ombi la mtu yeyote. Jibu linatakiwa liwe limepokelewa ndani ya siku hizo. Haitoshi kwamba limetumwa. Tena ushahidi wote hupelekwa kwa pamoja na kwa mara moja. Anayepeleka nusu, akiahidi kwamba nusu nyingine itafuata, huhesabiwa kuwa ameomba aamuliwe kwa nusu hiyo. Asiyejibu kabisa huhesabiwa kuwa ameyatelekeza maombi yake, nayo hukataliwa.

Barua hiyo huuliza mambo ya aina mbalimbali. Huweza kumtaka mwajiri athibitishe kwamba kazi yenyewe kweli inahitaji shahada ya fani fulani. Hilo ni la mwajiri na wakili wake. Huweza pia kutaka uthibitisho kwamba mfanyakazi anayo elimu inayostahili, na hapo ndipo simu huanza kupigwa kuja nyumbani.

Tuchukue mfano ambao walimu wetu watauelewa upesi. Shahada nyingi za vyuo vyetu ni za miaka mitatu, wakati shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida ni ya miaka minne. Ofisa wa huko akiitazama shahada yetu peke yake anaweza kuiona pungufu. Lakini Mtanzania aliyesoma kwa utaratibu tuliouzoea alikaa miaka 7 katika shule ya msingi, miaka 4 hadi kidato cha nne, miaka 2 hadi kidato cha sita, na miaka 3 chuoni. Jumla ni miaka 16. Mmarekani husoma miaka 12 kabla ya chuo, kisha miaka 4 chuoni. Jumla ni miaka 16 vilevile. Hesabu peke yake haimfungi ofisa yule, lakini ni msingi wa hoja ambayo mtaalamu wa kutathmini elimu ya kigeni anaweza kuisimamia. Ili aisimamie, anahitaji kuona cheti cha kidato cha sita, cheti cha shahada na taarifa ya matokeo ya kila somo. Mtu anayetuma cheti cha shahada peke yake amejinyima miaka miwili ya jasho lake mwenyewe.

Kanuni za viza hiyo zinakubali pia kwamba uzoefu wa kazi ya kitaalamu unaweza kuziba pengo la elimu. Miaka mitatu ya uzoefu huweza kuhesabiwa kuwa mwaka mmoja wa chuo kikuu. Lakini uzoefu huo ni lazima uthibitishwe na waajiri wa zamani. Hapa tunapenda kusema wazi kwamba barua nyingi zinazotoka katika ofisi zetu hazifai kwa kazi hiyo. Barua inayosema kwamba Ndugu fulani alikuwa mtumishi wetu mwaminifu, na kwamba tunamtakia kila la heri, ni barua ya heshima, lakini haithibitishi kitu. Barua inayofaa hutaja cheo chake, tarehe aliyoanza na tarehe aliyoacha kazi, majukumu aliyoyafanya, utaalamu uliohitajika, na elimu ya wale waliofanya naye kazi au waliomsimamia. Huwa na sahihi, jina na cheo cha aliyeiandika, ili anayetaka kuuliza ajue wa kumwuliza. Barua ya namna hiyo haichukui hata asubuhi moja kuandikwa, mradi jalada la mtumishi lipo mahali pake.

Na jalada lisipokuwapo? Kanuni za Marekani zimelifikiria jambo hilo pia. Kumbukumbu iliyotakiwa ikiwa haipo, ofisi inayohusika yaweza kuandika, kwa karatasi yake rasmi, kwamba haipo, kwa sababu gani haipo, na kama kumbukumbu nyingine za aina ile na za wakati ule zinapatikana. Mwombaji ndipo huruhusiwa kutoa ushahidi wa daraja la pili, na huo nao ukikosekana, viapo vya watu wawili au zaidi wasio sehemu ya maombi na wanaolijua jambo lenyewe kwa hakika. Hivyo hata jibu la kwamba hatuna, likiandikwa vizuri na kwa wakati, ni msaada mkubwa kwa mwananchi. Ofisi inayokaa kimya haimsaidii kwa lolote.

Kimya hicho ndicho tunachokipinga. Hebu tuzihesabu siku 84 kama anavyozihesabu mwenye shida. Barua inamfikia mwajiri, wakili anaisoma, mfanyakazi anaarifiwa, naye anamwomba ndugu yake aliyeko hapa nchini amfuatilie. Ndugu anafika ofisini na kuambiwa mhusika yuko safarini. Anarudi wiki ya pili na kuambiwa aandike barua. Anarudi wiki ya nne na kuambiwa barua haijafika mezani. Wiki ya sita jalada linaonekana, lakini mwenye mamlaka ya kutia sahihi yuko semina. Mtumishi anayesema njoo kesho hajui kwamba kesho anayoitaja imekwisha kuhesabiwa kwingine. Kwake ni siku moja kati ya siku nyingi za kazi. Kwa mwenzake ni riziki ya watoto, ada ya wadogo zake, na pengine mwisho wa ruhusa ya kuishi mahali alipojenga maisha yake.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya majivuno, dharau na uonevu. Umangimeza ni dharau iliyovaa nguo za utaratibu. Kumbukumbu za elimu na kazi za mwananchi si mali ya karani anayezitunza wala ya mkuu wa shule anayeshika funguo za kabati. Ni mali ya mwananchi, na ofisi imepewa dhamana ya kuzilinda na kuzitoa zinapohitajika.

Wapo watakaouliza kwa nini tujisumbue kuwasaidia waliokwenda kuutumikia uchumi wa watu wengine, wakati shule zetu na hospitali zetu zinawahitaji. Swali hilo ni la haki, nasi hatulibezi. Lakini mahali pa kulijibu ni katika mipango ya ajira na mishahara. Si halali kulijibu kwa kumficha mtu cheti chake. Taifa haliwezi kumrudisha mtoto wake nyumbani kwa kumharibia aliko. Isitoshe, mwalimu anayefundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Marekani anafanya kazi ya taifa hili hata kama mshahara wake unatoka kwingine.

Tena nyakati zenyewe si nyepesi. Septemba 2025 Rais wa Marekani alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa baadhi ya maombi mapya ya H-1B, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Tanzania iliingizwa katika orodha ya nchi ambazo raia wao waliwekewa vikwazo vya sehemu vya kuingia Marekani. Maamuzi hayo hayamo mikononi mwa mtunza masijala wa wilaya. Lakini mlango unapokuwa mwembamba, ni aibu kubwa zaidi mtu wetu akwame kwa karatasi iliyokuwa katika kabati letu.

Kwa waombaji wenyewe nao tuna la kusema. Wasingoje barua ije ndipo waanze kutafuta vyeti. Majina yao yafanane katika vyeti vyote na pasipoti, na pale yanapotofautiana wawe na hati ya kiapo inayoeleza sababu. Nyaraka za Kiswahili zifuatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, ikiwa na uthibitisho wa mfasiri kwamba ni sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo. Kila swali la barua lijibiwe kwa mpangilio wake, na kila hoja iambatane na karatasi yake.

Zaidi ya yote, waseme kweli. Nchi hii inalijua tatizo la vyeti bandia. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyoonyesha watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Kwa sheria ya Marekani, anayedanganya kwa makusudi katika jambo la msingi ili apate viza anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote. Na mtumishi anayekubali kuandika barua ya uongo kwa ajili ya rafiki hamsaidii rafiki huyo, bali anazitia shaka barua za kweli zote zitakazotoka katika ofisi ile baadaye.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa kila mkuu wa ofisi, wa shule na wa chuo. Ateue mtu anayewajibika kwa maombi ya kumbukumbu. Kila ombi liandikwe tarehe lilipopokelewa na tarehe litakapojibiwa. Ombi lenye muda wa mwisho litangulie. Sahihi isimngoje mtu mmoja aliyeko safarini, bali awepo aliyekaimishwa. Mambo hayo hayahitaji fedha za bajeti wala wataalamu kutoka nje. Yanahitaji mtumishi anayejua kwamba nyuma ya kila jalada yupo mtu anayehesabu siku.