Iacheni themostati mahali pake!

Leo sina stori za maisha ya huku Maskati. Leo nimekasirika.

Mdogo wangu kapiga simu kutoka Tanga. Teksi imechemsha tena, safari hii hedi imepinda, anaomba pesa. Nikamuuliza, themostati ipo? "Fundi aliitoa zamani, kaka. Alisema nchi ya joto haihitaji." Jamani! Na hiyo teksi ndiyo inayomlisha mama.

Nchi ya joto? Mwezi wa 6 hapa joto hupita nyuzi 40, Tanga hamfiki huko. Na magari ya hapa yana themostati zake na yanakwenda. Hoja ya joto tuizike leo.

Themostati ni mlango tu. Injini ikiwa baridi umefungwa, ili ipate joto haraka. Ikifika nyuzi 82 hadi 90 hivi, kutegemea gari, unafunguka na maji yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Ukiutoa, injini inachelewa kupata joto lake, inakunywa mafuta zaidi na inalika haraka. Kwenye baadhi ya injini, mlango huohuo ukifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji bila kupita kwenye rejeta. Ukiutoa, njia ile inabaki wazi na gari linazidi kuchemsha!

Mtasema, "Mbona ikitolewa gari linatulia?" Linatulia kama mgonjwa aliyemeza Panadol. Ugonjwa uko palepale. Utafuteni wenyewe:

1. Linachemsha kwenye foleni, likikimbia linapoa: angalia feni.
2. Linachemsha likikimbia au likipanda mlima: rejeta imeziba, au wota pampu imechoka.
3. Geji iko juu lakini mpira mmoja wa rejeta bado baridi: hapo ndipo uishuku themostati. Gari likipoa itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, bandika jikoni. Maji yakichemka nayo haijafunguka, nunua nyingine. Nimesema nunua nyingine, sijasema tupa!
4. Maji yanapungua na huoni tone chini, moshi mweupe hauishi, oili imekuwa kama chai ya maziwa: gasketi ya hedi. Zima gari, usiendeshe hata hatua moja.

Na hayo maji ya kisima mnayojaza kila asubuhi, acheni. Chumvi yake inaganda ndani ya rejeta na kutu inafuata. Kulanti si rangi ya urembo, inazuia kutu na inachelewa kuchemka. Mfuniko wa rejeta nao, mpira wake ukichakaa, badilisha, maana presha ikivuja maji yanawahi kuchemka. Ila usiufungue wa moto, utaungua uso.

Fundi mzuri namheshimu. Huyu anayetoa kitu asichokijua kazi yake, halafu bili inakuja kwangu, namkataa.

Pesa nimetuma, mama hawezi kulala njaa kwa kosa la fundi. Lakini mdogo wangu, ukisoma hapa, gari lisitoke gereji bila themostati. Waambie na wenzako hapo kijiweni.

Mwenye kubisha anibishie, nipo. Alamsiki.