Wasioamini wana sababu, wasikilizwe

Safu ya Kerubo Nyamweya

Jumamosi asubuhi barabara ya Kisii kwenda Keroka huwa tulivu kidogo inapopita Keumbu. Mikungu ya ndizi hupungua kando ya lami, kwa kuwa wachuuzi wengi ni Wasabato na saa hiyo wako kanisani. Jumapili huwa zamu ya Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste. Mgeni akikaribishwa kwenye boma, akishataja jina na kwao, swali linalofuata ni moja tu: unasali wapi?

Anayejibu kwamba hasali popote huhukumiwa papo hapo. Ataambiwa amesoma akapitiliza, au ana jambo analolificha, au amejiunga na waabudu shetani. Dhana hiyo ya mwisho ilipewa nguvu na serikali yenyewe. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, na hadi leo Mkenya asiye na dini huchanganywa na mwabudu shetani. Ni makosa makubwa, maana asiyeamini kuwa kuna Mungu hana sababu ya kuamini kuwa kuna shetani.

Watu hawa si wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu 755,750 waliosema hawana dini, katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Ile ya 2009 ilikuwa imehesabu 922,128. Wanaohubiri kwamba ukanamungu unaenea nchini kama moto wa nyika hawana takwimu za kuwaunga mkono. Wachache hao, hata hivyo, wana sababu, na sababu zao ni nzito kuliko jirani zao wanavyodhani.

Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa Mkristo mcha Mungu alipokuwa mwanafunzi wa shule ya upili ya Alliance. Mwaka 1970, wakati huo akiitwa James Ngugi, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki akawaambia waziwazi kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja aliinuka kumkemea: mbona anakana Ukristo huku akiitwa James? Ngũgĩ alikubali kwamba mzee ana hoja, na baadaye akaliacha jina hilo. Sababu yake ilikuwa ya historia. Kanisa alilolijua utotoni Limuru lilikuja njia moja na mlowezi, na mwenye shamba alipofukuzwa shambani mwake lilimwambia asubiri thawabu mbinguni.

Abagusii wa Kisii wanaijua historia ya namna hiyo. Misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Wasabato ya Nyanchwa zilianzishwa muda mfupi baada ya majeshi ya Waingereza kuchoma vijiji na kuswaga ng'ombe mwaka 1905 na tena 1908. Septemba 1914, Wajerumani walipouvamia mji wa Kisii na Waingereza wakaondoka kwa muda, wenyeji walizivamia misheni hizo mbili wakapora. Wajukuu wa kizazi hicho ndio waliokuja kujaza makanisa.

Lakini sababu inayouma zaidi huku kwetu haimo vitabuni. Mei 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto katika vijiji vya Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na umati huko Marani kwa madai yaleyale. Mshukiwa wa uchawi Gusii si vigumu kumtabiri. Mara nyingi ni mjane aliyezeeka, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko la kuni, na ana kipande cha shamba ambacho mtu wa karibu anakimezea mate. Mtoto wa jirani akiugua ugonjwa usioeleweka, jina la mama huyo hunong'onwa. Usiku mmoja hugongewa mlango.

Kijana aliyekulia katika vijiji hivyo, ambako kila kilima kina kanisa, ana haki ya kuuliza imani yote hiyo ilimkinga nani. Mchungaji atamjibu kwamba wauaji hawakuwa waumini wa kweli. Jibu hilo halitoshi. Yapo maombi ya usiku ambamo mgonjwa huambiwa kuwa ugonjwa wake umetumwa na mtu wa karibu, na anayeyasikia hayo akiwa amepiga magoti hutoka pale akijua ni nani wa kumchukia. Anayeukataa ulimwengu huo wa nguvu zisizoonekana, pamoja na mchawi wake na mwombezi wake, anakataa kwa sababu ameona unavyoua. Na baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023, ni vigumu kumwambia kwamba anatia chumvi.

Jibu ambalo wazee hupenda kumpa mtu wa namna hii ni kwamba asubiri augue. Akilazwa, atamwita Mungu tu. Kenya ina mifano miwili ya kulipima jibu hilo. Richard Leakey, ambaye babu yake alikuwa mmisionari wa Kianglikana Kabete, hakuficha maishani mwake kwamba hamwamini Mungu. Figo zake zilikufa akapewa moja na ndugu yake Philip. Mwaka 1993 ndege aliyokuwa akiiendesha ilianguka, akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Alifariki tarehe 2 Januari 2022 bila kubadili msimamo. Seth Mahiga naye alikuwa katibu wa chama cha wakanamungu nchini. Mei 2021 alijiuzulu, akieleza kwamba amepitia magumu maishani na amempata Yesu Kristo. Chama kilimtakia heri. Magumu yalimrudisha mmoja na hayakumtikisa mwingine. Jibu la wazee, kwa hiyo, ni vitisho tu. Mtu aliyeuliza kwa nini mtoto asiye na hatia hufa hawezi kuridhika kwa kuambiwa kwamba naye siku moja ataumwa.

Wengine husema kutoamini ni tabia ya Wazungu, kwamba Mwafrika huzaliwa na dini. John Mbiti, kasisi na msomi mashuhuri kutoka Ukambani, alieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1969. Haukupita muda kabla ya Okot p'Bitek wa Uganda kumpinga vikali, akidai kwamba wasomi wa aina hiyo waliivalisha miungu ya Waafrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na ya wamisionari. Ubishi huo ulikuwa wa Waafrika wawili, na haukuhitaji Mzungu kuuamua.

Sheria iko wazi kuliko mioyo yetu. Dibaji ya Katiba ya 2010 inakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, lakini kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri wa kila mtu. Hata hivyo, chama hicho cha wakanamungu kilipopata usajili Februari 2016, usajili wenyewe ulisimamishwa mwaka huohuo baada ya malalamiko ya viongozi wa dini, kikalazimika kwenda mahakamani.

Huku Keumbu, mahakama inayoogopwa zaidi ni mazishi. Mtu huzikwa nyumbani kwake, na kanisa ndilo hushika ratiba: kwaya, wasifu, mahubiri, mpaka udongo wa kwanza. Aliyefutwa kwenye orodha ya washiriki huiachia familia yake aibu ya kubisha milango ya wazee wa kanisa ikitafuta mtu wa kuomba hata sala moja kaburini. Hofu hiyo huwabakiza kwenye mabenchi watu ambao imani iliwatoka miaka mingi iliyopita, na haiwezekani Mungu anayehubiriwa humo afurahie washiriki wa aina hiyo.

Wazee wa makanisa ya huku kwetu Nyaribari, basi, waache kuyatumia mazishi kama adhabu. Asiyeamini azikwe na ndugu zake, wamsifu kwa mema aliyoyatenda, na pasiwe na mhubiri wa kuwatangazia watoto wake kwamba baba yao anaungua. Nao wazazi ambao binti au mwana wao atarudi kutoka chuo likizo hii aseme haamini tena, wamuulize kwa nini na wamsikilize hadi amalize, kabla ya kumpigia mchungaji simu.