MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Mwaka 1952 Ndugu Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Twalikumbusha jambo hili kwa sababu wako watu wasemao kuwa sinema ni upuuzi wa watoto. Sivyo. Sinema ni jambo la taifa.

Zamani mtu alikwenda sinema. Dar es Salaam alikwenda Avalon, Empire au Empress. Unguja alikwenda Majestic. Mwaka 1966 Serikali ilifungua huko Msasani sinema ya kutazamia ndani ya magari. Leo mahali pale pana Ubalozi wa Marekani. Katika majumba yale tajiri alinunua kiti cha juu, na maskini akakaa chini karibu na pazia. Viti vilitofautiana, lakini picha ilikuwa moja na kicheko kilikuwa kimoja.

Kisha ukaja mkanda wa video. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine, na vibanda vya video vikaota kila mtaa. Mtoto aliingia kwa sarafu chache, akatafsiriwa picha ya Kihindi au ya Kichina kwa Kiswahili. Baadaye zikaja santuri za filamu zetu wenyewe. Bei ikashuka, nasi tukashangilia. Hatukuuliza nani analipia urahisi huo. Alilipa msanii wetu, ambaye kazi yake ilinakiliwa usiku na kuuzwa barabarani asubuhi, naye asipate hata senti.

Leo sinema imo ndani ya simu. Watu husema ni rahisi. Ni rahisi kwa nani? Kwanza ununue simu, kisha bando, kisha ulipe ada ya mwezi. Picha safi ya saa moja yaweza kula gigabaiti nzima au zaidi. Mkulima huona bando limekwisha kabla hajajua mwisho wa hadithi. Na ada ile, mara nyingi, huvuka bahari isirudi.

Sisi hatuchukii simu. Twasema mambo matatu. Halmashauri zifungue kumbi zao siku za Jumamosi, zionyeshe filamu za Kiswahili kwa kiingilio kidogo, na mwenye filamu alipwe fungu lake. Makampuni ya simu yapunguze bei ya bando kwa filamu za nchini. Na wewe mwananchi, usinunue filamu ya wizi. Ukiinunua, umemwibia ndugu yako.

Tulipigania uhuru ili tujisemee wenyewe. Taifa lisilojitazama katika sinema yake litajiona kwa macho ya wageni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi na tumtunze.