Mnara Bila Majina

Ndugu mwanafunzi, kama umewahi kufika katikati ya jiji la Dar es Salaam, pale Samora inapokutana na Azikiwe, basi umeiona Sanamu ya Askari. Watu wengi huitumia kuelekezana njia na kupeana miadi. Wachache husimama na kujiuliza: huyu askari ni nani?

Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Waingereza. Kabla yake, mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Maandishi ya mnara huo yako kwa Kiswahili na Kiingereza, na yanawataja askari pamoja na wapagazi. Lakini jambo moja hulioni: jina la mtu. Askari yule ana bunduki, ila hana jina, hana kijiji, hana mama aliyemngojea arudi.

Maoni yangu ni kwamba mnara bila majina ni shukrani nusu. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza, jina ndilo linaloihusisha kumbukumbu na jamii. Nenda Kariakoo leo, uone pilikapilika za sokoni. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi pale. Wapagazi walibeba vyakula, risasi na majeruhi kwa sababu magari yalikuwa machache, barabara zilikuwa mbaya, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na uchovu. Tumebaki na jina la soko, lakini hatuna majina ya watu. Wangapi kati yetu ni vitukuu vya wapagazi hao na hatujui?

Pili, kutoandika majina hakukuwa bahati mbaya. Ulikuwa uamuzi. Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi hadharani. Ripoti yake ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda hawakukumbukwa kabisa. Askari wa Kizungu aliandikiwa jina lake kwenye jiwe. Mwafrika aliyekufa katika vita hivyo hivyo aliwekwa kwenye fungu la "wengineo". Radhi hiyo ilichelewa kwa miaka zaidi ya 100, na hakuna radhi inayoweza kurudisha jina ambalo halikuandikwa popote.

Wapo watakaosema, "Hiyo ni sanamu ya mkoloni, ing'olewe." Ninaielewa hasira yao, maana wengi wa wapagazi walichukuliwa kwa nguvu kwenda kwenye vita visivyowahusu. Hata hivyo, sikubaliani nao. Tukiing'oa, tutawapoteza mara ya pili watu wale wale. Afadhali ibaki, na sisi tuandike pale ambapo mkoloni hakuandika.

Wengine watasema, "Shule hazina madawati ya kutosha, ninyi mnataka minara!" Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini si kila kumbukumbu inahitaji shaba na marumaru. Daftari la kaunta, kalamu na mtu aliye tayari kusikiliza vinatosha kuanzia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?

Hapa ndipo ninapokuhitaji wewe. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Wanajeshi wetu, pamoja na wanamgambo waliotoka katika vijiji vya nchi nzima, waliyarudisha nyuma, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka. Waliokufa wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Lakini wengi walirudi nyumbani, wakavua sare, wakashika jembe. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule sasa anakaribia miaka 70. Huenda ni yule babu unayempita kila asubuhi akiota jua kibarazani, nawe unamwamkia "Shikamoo" bila kusimama.

Siku moja simama. Muombe kwa adabu akusimulie. Usimlazimishe, kwa sababu vita huacha majeraha yasiyoonekana, na wapo wasiopenda kuyagusa. Akikubali, andika jina lake kamili, kijiji chake, kikosi chake, na majina ya wenzake ambao hawakurudi. Peleka nakala kwa mwalimu wako wa Historia na nyingine katika ofisi ya kata. Shule ikishapata majina 20 au 30, ukuta mmoja uliopakwa chokaa na kuandikwa kwa rangi utakuwa mnara wa kweli kuliko sanamu isiyojulikana ni ya nani. Wajukuu watakuja kuonyeshana kwa kidole: "Huyu ni babu yetu."

Katika mtihani unaweza kuulizwa athari za Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, nawe utaandika "vifo vya watu wengi" upate alama yako. Ni jibu sahihi. Ila unapoliandika, kumbuka kwamba hao "watu wengi" kila mmoja aliitwa kwa jina lake na mtu aliyempenda. Wale wa 1914 tumeshachelewa kuwauliza. Wa 1978 bado wapo, lakini kila msimu wa mvua wanapungua.

Zoezi: Je, unakubaliana na maoni ya mwandishi? Toa hoja tatu, na angalau moja itokane na mazungumzo yako na mzee wa mtaani au kijijini kwenu.