Nyota za ukutani zisiwavunje moyo watoto

Ndugu Mhariri,

Napenda kutoa maoni yangu juu ya desturi ya kuendesha masomo darasani kama mashindano ya mchezo. Mtoto akijibu vema hupewa nyota ya karatasi au pointi. Nyota huhesabiwa, na majina hubandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza hupigiwa makofi na kupewa kalamu au daftari.

Nia ya walimu wanaofanya hivyo ni njema, wala siwalaumu. Kufundisha darasa lililofurika si kazi rahisi. Lakini hatuna budi kujiuliza: nyota hizo zinamwamsha nani? Aghalabu huzipata wale wale watatu au wanne, ambao wangejitahidi hata bila nyota. Yule wa mkiani, ambaye ndiye hasa anayehitaji kuamshwa, kila asubuhi hulikuta jina lake chini ya orodha mbele ya wenzake. Mwisho huacha kunyosha mkono, na hapo utoro hauko mbali.

Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu wa kutaja wanafunzi kumi bora na shule kumi bora, likieleza kwamba hauna tija. Itakuwa ajabu basi ikiwa orodha iliyoondolewa kwenye mtihani wa Taifa itaendelea kutundikwa ukutani kwa watoto wa darasa la tatu.

Hata huyo anayeshinda hana usalama. Mwaka 1973 wataalamu watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa hati yenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo litachora. La pili lilipewa hati hiyo bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, watoto walioahidiwa zawadi walikuwa wakichora kwa muda upatao nusu tu ya ule wa wenzao. Kazi waliyoipenda ilikuwa imegeuka kibarua, na kibarua bila malipo nani anakitaka?

Wapo watakaosema kuwa mchezo bila zawadi haunogi. Si kweli. Tazama wanaocheza bao kivulini: hukaa hata saa tatu bila kupewa chochote. Kinachowashika ni kwamba mtu akikosea anaona papo hapo, kete zake zinaliwa, naye ana nafasi ya kujaribu tena. Darasani mambo ni kinyume: mtoto hukosea Jumatatu, daftari lake likarudi Ijumaa na alama ya mkasi, na somo limekwisha pita.

Kwa hiyo nashauri tuchukue utamu wa mchezo, tuache orodha. Kwanza, watoto wasahihishane wawili wawili, mwalimu akiwasimamia, ili kosa lionekane siku ile ile na lirudiwe. Pili, kila mtoto ashindane na alama yake ya wiki iliyopita. Aliyetoka 20 akafika 35 naye asifiwe. Tatu, zawadi ikiwepo iwe ya kundi zima, ili mwepesi amsaidie mzito. Mambo haya hayahitaji fedha wala mitambo.

Nawaomba wathibiti ubora wa shule na kamati za shule walitazame jambo hili. Wazazi nao, mtoto arudipo nyumbani, wasimwulize amekuwa wa ngapi, bali leo amejua nini ambacho jana hakukijua.

Wako,
Mwalimu,
Morogoro.