Kununua Kikula: Tuogope Nini Hasa?

Mtu wa Likasi akifanikiwa kuweka kando dola elfu chache, mara nyingi wazo la kwanza si benki, ni parseli. Akishalitamka tu, ndugu na jamaa wanaanza kumgawia mitaa: Panda sawa, mjini kwenyewe pazuri lakini ghali, Kikula uangalie, upande wa Kamatanda achana nako. Hukumu inatoka kabla mtu hajauliza ukubwa wa kiwanja wala jina lililoandikwa kwenye karatasi. Watatajwa vijana wa pombe ya lutuku, wachimbaji wanaoshuka na pesa Jumamosi na kuamka Jumatatu hawana kitu, mwizi aliyeingilia dirishani kwa mama fulani. Mambo hayo yapo, sibishi. Ninachobisha ni kuyafanya kipimo cha pekee. Katika mji huu watu wengi waliopoteza nyumba hawakuporwa na mwizi wa usiku. Waliondolewa mchana, kwa karatasi.

Tuanze na hilo jina baya, maana lina umri mrefu kuliko wanaolitumia. Mji ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, utawala wa Wabelgiji na kampuni ya Union Minière walipanga watu kwa rangi ya ngozi na kwa mwajiri. Wazungu walikaa mjini. Wafanyakazi wa kampuni walikaa kambini, Panda na Shituru, karibu na viwanda. Waafrika wasiokuwa wa kampuni, yaani mafundi, wachuuzi, makarani, watumishi wa nyumbani, waliwekwa Kikula. Kambini kampuni ndiyo iliyojenga nyumba, ikaleta maji, zahanati, shule na posho ya unga, na ndiyo iliyoamua nani aingie na nani afukuzwe. Kikula watu walijitegemea zaidi. Mtaa ambao hauna bwana mmoja wa kuusimamia ulionekana mtaa wa fujo, na watoto wa kambi wakakua wakiamini hivyo.

Kampuni hiyo ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeanguka hadi karibu tani 30,000. Mishahara ikachelewa kwa miezi mingi. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia. Mpango wa hiari kwa mtu ambaye hajalipwa kwa miezi mingi! Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. La kutuhusu hapa ni kwamba kambi zilibaki na jina zuri, huku kile kilicholileta jina hilo kikiondoka. Anayelipa zaidi leo kwa sababu nyumba ipo Panda ajiulize analipia nini. Aliyekuwa akipaka chokaa kuta zile hapaki tena, na umeme unapokatika haumchagui mtoto wa kambi, ingawa mitambo ya umeme ya Mwadingusha na Koni, ya 1930 na 1950, iko kwenye mto Lufira, si mbali nasi.

Sasa tupige hesabu. Namba zifuatazo ni za mfano tu, kila mtu aweke za kwake. Tuseme nyumba ya mjini inauzwa dola 30,000 na kupangishwa dola 200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,400. Toa mwezi mmoja wa nyumba kukaa wazi na dola 200 za ukarabati, unabaki na 2,000, yaani chini kidogo ya asilimia 7 ya ulichotoa. Tuseme tena parseli ya Kikula yenye milango mitatu ya kupangisha inauzwa dola 9,000, kila mlango unalipa dola 40. Kwa mwaka ni 1,440. Hapa tuwe wakali: toa dola 360 za milango kukaa wazi na wapangaji kutoroka, toa 200 za kufuli, nondo za madirisha, mlinzi wa kuchangia na bati lililoezuliwa. Unabaki na 880, karibu asilimia 10. Mtaa wenye jina baya unalipa zaidi kwa kila dola kwa sababu jina hilo limekwisha kushusha bei ya kununua, wakati mpangaji bado anahitaji pa kulala. Wizi ni hatari unayoweza kuipigia hesabu. Ukuta una bei yake, mlango wa chuma una bei yake, na taa ya nje nayo ina bei yake.

Kuna hatari nyingine ambazo huwezi kuzipigia hesabu namna hiyo, na hizo ndizo hazizungumzwi.

Ya kwanza ni hati. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema wazi kwamba ardhi yote ni mali ya Dola. Mwananchi hupewa haki ya kuitumia, na kwa raia wa Kongo haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Ila haki hiyo husimama kisheria kwa cheti kimoja tu, certificat d'enregistrement, kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Fishi ya komini, karatasi ya mauzo yenye sahihi ya shefu wa mtaa na mashahidi wawili, risiti ya zamani yenye muhuri uliofifia, zote zinasaidia kueleza historia ya kiwanja, lakini hazikufanyi mwenye haki. Sheria hiyo iliongeza jambo ambalo wanunuzi wachache wanalijua: cheti kikishapita miaka 2 bila kupingwa mahakamani, mwenye cheti hatikisiki, na anayedai kuporwa anabaki na madai ya fidia tu. Maana yake, ukiwa na cheti una ngome. Ukiwa huna, unaweza kuishi miaka 20 kwenye parseli, ukapanda maembe na kuyala, halafu mtu mwingine akaja na cheti chenye umri wa miaka 3 akakushinda.

Likasi ina sababu yake ya pekee ya kuliogopa jambo hili. Agosti 1992, baada ya Mkutano Mkuu wa Taifa kumchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, chuki dhidi ya watu wenye asili ya Kasai ililipuka Katanga, iliyokuwa chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama cha UFERI wakiwa mstari wa mbele. Likasi iliumia kuliko miji mingi. Maelfu ya familia, watu waliozaliwa hapa na kuzika wazazi wao hapa, walilala kwenye kituo cha gari moshi kwa wiki na miezi wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Nyumba ziliuzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zikaachwa zikakaliwa na yeyote aliyewahi. Tunapenda kulipita hili kimya kimya. Ila mnunuzi hana ruhusa ya kulipita. Nyumba ya zamani inayouzwa kwa bei nzuri mno, yenye karatasi zinazoanzia mwaka 1992 au 1993 na si kabla, inadai maswali ya ziada: nani alikuwa mwenyewe, aliuza kwa hiari gani, na watoto wake wako wapi leo? Hapo kuna swali la mahakama, na kwangu mimi kuna swali la dhamiri pia. Na nyumba hizo hazikuwa Kikula peke yake. Vitongoji vyenye sifa nzuri vilikuwa nazo tele.

Ongeza urithi. Sheria ya familia ya 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya mali, na robo inayobaki hugawanywa kwa mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Mtoto mkubwa anayekuuzia nyumba ya baba haraka haraka kabla wadogo zake hawajarudi kutoka Kolwezi hajakuuzia nyumba. Amekuuzia kesi. Wahenga waliposema rahisi ni ghali, pengine walimjua komisioneri mmoja, yaani dalali wa parseli.

Hatari ya pili iko chini ya miguu. Kwa sheria zetu mwenye kiwanja hana haki juu ya madini yaliyomo, hayo ni ya Dola, na Dola inaweza kuyatolea kibali kwa kampuni. Mwenye kibali akihitaji eneo, mkazi hulipwa fidia na kuondoka. Watu wa Likasi wanaoona mashimo ya Kamatanda kando ya makazi hawahitaji kufundishwa. Ila tazameni Kolwezi. Mtaa wa Kasulo uligunduliwa kuwa na kobalti mwaka 2014, watu wakachimba ndani ya nyua na hata ndani ya vyumba, na mwaka 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta na kuwekwa chini ya kampuni ya Congo Dongfang Mining, mamia ya kaya zikahamishwa. Mtu atasema: si umeona, mtaa wa fujo! Sawa, basi tazama na upande wa pili wa mji uleule. Cité Gécamines ya Kolwezi ulikuwa mtaa wa heshima, nyumba imara, maji ya bomba na umeme, barabara zilizopangwa. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilieleza jinsi wakazi wa huko walivyokuwa wakiondolewa, nyumba hadi nyumba, ili kupisha upanuzi wa mgodi wa shaba na kobalti wa COMMUS. Sifa njema ya mtaa haikuzuia shimo kusogea hata hatua moja.

Hatari ya tatu inaingia kwa pua na kwa vumbi la sakafuni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga, na kwa watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuta kobalti kwa kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimewahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida. Kambi za kampuni zilijengwa karibu na viwanda makusudi, mfanyakazi afike kazini kwa miguu. Unaponunua nyumba ya kulea watoto, umbali kutoka bomba la moshi una uzito kuliko umbali kutoka baa ya lutuku.

Na soko lenyewe? Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa majimbo manne. Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba, ikapata ofisi, mawaziri wa jimbo, mahoteli. Likasi ilibaki katikati ya barabara, kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi, ikitazama malori yakipita. Kwa hiyo anayetegemea bei ya kiwanja chake ipande kama ya Kolwezi anaota. Kipato cha mpangaji wa Kikula kinafuata shimo, na shimo linafuata bei ya dunia: mwanzoni mwa 2018 tani ya kobalti ilizidi dola 90,000, mwaka uliofuata ikashuka hadi karibu 30,000 na chini yake. Februari 2025 serikali ilisimamisha kabisa uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaanza kutoa mgao wa viwango. Mwenye nyumba aliyekopa kwa riba akitegemea kodi ya wachimbaji ajiandae kwa miezi ya ukame. Sheria ya upangaji ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza kudai garanti ya zaidi ya miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, kwa hiyo hata lile fungu kubwa la mwanzo, ambalo wengi bado wanalidai, si haki yako.

Liko pia la upande wa umma. Tukiendelea kuiita Kikula mtaa mbaya, wenye pesa watakwepa, na wanaobaki hawatakuwa na sababu ya kutafuta cheti cha parseli ambayo hakuna anayeitaka. Tangu mwaka 2018 sheria ya madini inaelekeza asilimia 15 ya mrabaha kwa miji, komini, sekta na himaya za machifu ambako madini yanachimbwa. Kama sehemu ya pesa hizo ingetumika kupima viwanja na kupunguza gharama za cheti kwa mkazi wa kawaida, ingefanya kazi kubwa kuliko doria yoyote. Mtu mwenye cheti hujenga ukuta, huweka taa, hugombana na komini kuhusu mfereji, maana anajua atakuwepo kesho. Viongozi wa Likasi waulizwe hadharani pesa hizo zinakwenda wapi, na waulizwe kila mwaka.

Uamuzi wangu basi ni huu: Kikula nunua, kwa pesa yako na si ya mkopo, palipo na cheti kilichosimama zaidi ya miaka 2 kwa jina la huyo anayekuuzia, wenzi na warithi wote wakitia sahihi. Kamatanda usinunue, hata ukipewa kwa nusu bei, wala pengine popote ambapo ramani ya vibali vya madini ya ofisi ya CAMI inaonyesha kibali cha mtu juu ya kiwanja unachokitaka. Panda na Shituru pima kwa mizani hiyohiyo, bila punguzo la jina. Kabla ya kutoa hata dola mia ya kushikia mahali, chukua namba ya kiwanja uipeleke mwenyewe kwenye ofisi ya hati za ardhi, usimtume komisioneri. Muuzaji akikasirika kwamba humwamini, mpe mkono, mshukuru, urudi nyumbani na pesa yako.